Padri Johnson wa Liuli, jicho lake moja, na misuli inayogeuza macho yetu

Mama akija kliniki hapa Liparamba na mtoto mwenye kengeza, mara nyingi hajaja kwa ajili ya kengeza. Amekuja kwa chanjo, au mtoto anakohoa. Kengeza nalitaja mimi. Hapo ndipo ninapojibiwa kwamba litaacha akikua, au kwamba hata babu yake alikuwa hivyo, au kwamba halina shida kwa kuwa jicho jingine linaona vizuri. Jibu hili la mwisho ndilo lililonifanya niandike habari za Padri Johnson, maana mwambao huu wa Nyasa uliwahi kuwa na mtu aliyeishi miaka zaidi ya arobaini bila jicho moja, na hilo la pili likiwa na nuru hafifu. Wazee wa Liuli wanamfahamu kwa masimulizi ya wazazi wao. Kaburi lake lipo pale pale Liuli.

Jina lake lilikuwa William Percival Johnson. Alizaliwa mwezi Machi 1854 katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Alisoma shule ya Bedford, kisha Chuo Kikuu cha Oxford. Njia aliyoandaliwa ilikuwa kwenda India kufanya kazi serikalini, kazi yenye mshahara mzuri na heshima. Akabadili mawazo na kujiunga na UMCA, shirika la wamisionari wa vyuo vikuu lililokuwa na makao Zanzibar chini ya Askofu Edward Steere, yule aliyefanya kazi kubwa ya kuandika Kiswahili. Mwaka 1876 Johnson akafika Zanzibar. Alikuwa na miaka 22.

Mwaka huohuo Steere aliondoka pwani na kundi la watu waliokombolewa utumwani, waliotaka kurudi bara karibu na walikotoka. Walipitia Lindi, wakaishia Masasi, wakajenga kijiji. Johnson alikuwa katika msafara huo, na Steere aliporudi pwani yeye ndiye aliyebaki kukiangalia kijiji. Fikiria kijana wa miaka 22, mgeni wa lugha, na homa zinampata kila mara. Baadaye akaja rafiki yake wa Oxford, Chauncy Maples, na jina hilo tutalikuta tena mbele.

Johnson hakuwa mtu wa kukaa mahali pamoja. Mwaka 1880 alikwenda Mwembe, mji wa Mataka, mtawala mkubwa wa Wayao, upande ambao leo ni Msumbiji, si mbali sana na sisi ukivuka Ruvuma. Mwaka uliofuata akalazimika kuondoka huko. Mwanzoni mwa 1882 akafika ukingoni mwa Ziwa Nyasa pamoja na kijana mwenzake aliyeitwa Charles Janson. Janson aliugua na kufa mwezi Februari, siku chache tu baada ya kuliona ziwa. Johnson akabaki.

Alipoutazama mwambao wa mashariki aliona kwamba vijiji vimekaa mstari mmoja kando ya maji, na kwamba njia nzuri ya kuvifikia vyote ni chombo. Anayejua barabara za kwetu wakati wa masika atamwelewa. Akarudi Uingereza kuomba fedha za meli ya mvuke. Fedha zikapatikana, meli ikaundwa, ikafunguliwa vipande vipande ili isafirishwe hadi pwani ya Msumbiji, ipandishwe mto Zambezi na mto Shire, na kubebwa na watu mahali ambapo maporomoko yanazuia chombo. Ikaitwa Charles Janson, jina la yule kijana aliyekufa. Iliwekwa majini mwaka 1885.

Ni katika harakati za meli hiyo macho yake yalipougua. Yalivimba na kuuma vibaya, ugonjwa ambao madaktari wa siku zile waliuita oftalmia, jina moja lililokusanya kila aina ya macho mekundu yenye uchafu. Ilibidi arudi Uingereza kutibiwa. Jicho moja likapotea moja kwa moja. La pili likabaki na nuru kidogo, na hivyo ndivyo lilivyokuwa hadi kufa kwake. Alikuwa na miaka thelathini hivi.

Niseme kitu kuhusu oftalmia kabla ya kuendelea, kwa sababu bado ninaiona kila wiki, ila sasa tunaipa majina yake. Kuna macho mekundu ya virusi ambayo hupita yenyewe kwa siku kadhaa. Kuna ya bakteria, yenye usaha wa njano unaogandisha kope asubuhi. Kuna trakoma, inayobebwa na mikono, vitambaa na nzi, ambayo ikirudi mara nyingi huacha kovu ndani ya kope mpaka kope zinageuka na kusugua kioo cha jicho. Kuna ya mtoto mchanga, anayoipata njiani wakati wa kuzaliwa, na hiyo inaweza kutoboa kioo cha jicho ndani ya siku chache. Kwa sababu hiyo tunampaka mtoto dawa ya tetrasaiklini machoni mara anapozaliwa. Tusipomwona mtoto aliyezaliwa nyumbani tunashindwa kufanya hivyo. Enzi za Johnson hapakuwa na antibayotiki hata moja. Wewe unazo, kituoni kwako. Kisichofaa ni maji ya majani, maziwa ya mama, mkojo, au dawa ya matone uliyouziwa dukani bila kupimwa. Baadhi ya matone hayo huondoa wekundu upesi na mtu akafurahi, kumbe kidonda kwenye kioo cha jicho kinazidi kula.

Sasa turudi kwa Johnson, ambaye wengi walidhani kazi yake imekwisha. Alirudi ziwani. Hapo ndipo ninapopenda kusimama kidogo, maana kazi aliyoichagua ilikuwa ya macho tupu: kupanda na kushuka mashuani, kutembea njia za mawe, kusoma, kuandika, kutafsiri.

Ili uelewe alichopoteza, ujue kwanza jicho linavyogeuka. Kila jicho lina misuli sita iliyoshikana nalo kwa nje. Minne imenyooka: mmoja huvuta jicho juu, mmoja chini, mmoja kuelekea pua, mmoja kuelekea sikio. Miwili imekaa mshazari na kazi yake kubwa ni kulizungusha jicho kidogo, kama unavyozungusha kifuniko cha chupa, ili picha isimame wima unapoinamisha kichwa. Ule wa mshazari wa juu una jambo la ajabu: unatoka nyuma kabisa ya tundu la jicho, unakuja mbele, unapita katika kapi dogo karibu na pua, ndipo unarudi nyuma na kushika jicho. Mvuvi aliyewahi kupandisha tanga ataelewa mara moja: kamba huvutwa huku, lakini kapi hufanya nguvu itokee kule.

Misuli hii ni miongoni mwa misuli yenye mwendo wa kasi sana mwilini. Unaposoma mstari huu macho yako hayatiririki kama maji, yanaruka, mara tatu hivi kwa sekunde, yanatua, yanaruka tena. Wewe huoni mruko wowote. Ubongo unaufuta.

Misuli hiyo huamrishwa na mishipa ya fahamu mitatu kila upande. Mmoja una kazi moja tu, kuvuta jicho kuelekea sikio. Mwingine una kazi ya ule msuli wa kwenye kapi. Mshipa wa tatu umebeba mzigo uliobaki: misuli minne, pamoja na kuinua kope na kubana mboni. Kwa hiyo mshipa huu ukiumia, kope linaanguka, jicho linakwenda nje na chini, na mboni inaweza kupanuka. Nitarudi hapo, kwa sababu hiyo ni dharura.

Macho mawili hupewa amri kama ng'ombe wawili wa kukokotwa kwa nira moja. Ukitazama kulia, msuli wa nje wa jicho la kulia na msuli wa ndani wa jicho la kushoto hupokea amri ileile kwa nguvu ileile. Jicho likipofuka amri hazikomi. Linaendelea kugeuka na mwenzake kwa miaka. Ila kinachoyafunga macho mawili yatazame kitu kimoja bila kupishana hata kidogo ni kuona kwenyewe: ubongo hulinganisha picha mbili na kusahihisha misuli kila mara. Picha moja ikikosekana, hakuna cha kulinganisha. Jicho lisiloona huanza kutangatanga polepole. Kwa mtu mzima mara nyingi linakwenda nje. Kwa mtoto mdogo mara nyingi linaingia ndani, kuelekea pua.

Naomba mama usome sentensi hiyo mara mbili. Kengeza la mtoto laweza kuwa ugonjwa wa misuli au namna macho yalivyokaa, lakini laweza pia kuwa dalili kwamba jicho lile halioni. Huwezi kujua kwa kumtazama usoni. Anacheza, anakimbia, anaokota punje ya mahindi chini, kwa sababu analo jicho jingine.

Mtu mwenye jicho moja anapoteza vitu viwili. Cha kwanza ni upande: sehemu ya tano hivi ya anachokiona bila kugeuza kichwa inaondoka, hivyo atagongana na mlango, au na mtu anayemjia upande huo. Cha pili ni kina, ule uwezo wa kujua kitu kiko umbali gani kwa kulinganisha picha mbili. Kumimina chai kikombeni, kushika kamba uliyorushiwa, kukanyaga ukingo wa mashua inayopanda na kushuka na wimbi, yote hayo yanakuwa mtihani. Ubongo hujifunza njia nyingine, kama kugeuza kichwa zaidi na kupima umbali kwa ukubwa wa kitu au kwa kivuli chake. Wengi huzoea baada ya miezi. Lakini anayezoea ni yule ambaye jicho lililobaki ni zima. La Johnson halikuwa zima.

Aliishi kwa muda mrefu melini. Charles Janson ilikuwa inapita mwambao, inashusha watu kijiji hiki na kuchukua kijiji kile, na makao makuu yakawa kisiwa cha Likoma. Alijulikana kwa kutojijali. Alikula chakula cha kijijini, alilala mahali popote, alibeba vitu vichache. Mimi kama muuguzi siwezi kusifia kila kitu katika hilo, mtu anayepuuza mwili wake huwapa kazi wengine. Na hakuwa peke yake, ingawa vitabu vya zamani hupenda kuandika kana kwamba mzungu mmoja alitembea ziwa zima. Walikuwepo wapiga makasia, mabaharia, na walimu kama Augustine Ambali, aliyesoma Kiungani, Zanzibar, akafanya kazi katika vijiji vya Nyasa na kuwa padri mwaka 1906. Mtu asiyeona vizuri anaposhuka kwenye mashua usiku, kuna mkono unaomshika. Mikono hiyo ilikuwa ya watu wa hapa.

Mwaka 1895 Maples, rafiki yake, aliyekuwa ametoka tu kufanywa askofu, alizama ziwani usiku mashua yake ilipopigwa na dhoruba. Ziwa letu mnalijua. Johnson akaendelea. Mwaka 1896 alifanywa askidikoni wa Nyasa. Mwaka 1901 ikawekwa majini meli kubwa zaidi, iliyoitwa Chauncy Maples, iliyojengwa Glasgow na kuletwa kwa vipande kama ile ya kwanza. Ilitumika kufundishia walimu na kuhudumia wagonjwa kandokando ya ziwa, na iliishi miaka mingi mno kuliko aliyepewa jina lake.

Katika miaka hiyohiyo, na nuru yake hiyo hafifu, Johnson alitafsiri Biblia katika Chinyanja cha Likoma. Sizungumzii dini hapa, nazungumzia kazi ya jicho. Kutafsiri kitabu cha ukubwa ule ni kuangalia ukurasa huu, kuhamisha macho ukurasa ule, kuandika, kurudi, kutafuta mahali ulipoachia. Kila kuhama ni amri kwa misuli ile sita. Kisha ipo misuli mingine, ya ndani ya jicho, inayobadili umbo la lenzi ili kitu cha karibu kionekane wazi. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi hukakamaa na misuli hiyo haiwezi tena kuigeuza vizuri. Ndiyo sababu babu anasukuma karatasi mbali anaposoma. Miwani ya kusomea hutatua hilo, nayo si anasa. Mzee akiacha kusoma, kushona au kuchagua mchele kwa kisingizio cha uzee, mpeleke apimwe. Chuo Kikuu cha Oxford kilimpa Johnson shahada ya heshima ya udaktari mwaka 1911.

Agosti 1914 vita vikafika hata Liuli. Wajerumani walipaita Sphinxhafen, kwa ajili ya jiwe ambalo machoni pao lilifanana na sanamu ile ya Misri. Meli yao ya kivita, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo kutengenezwa, na meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ikaja kuipiga mizinga wakati Wajerumani wale walikuwa bado hawajajua kwamba vita vimeanza. Vijiji vya Johnson vikajikuta viko pande mbili za vita moja. Baada ya vita alikuwa mzee, na Liuli ikawa makazi yake. Aliandika vitabu viwili vya kumbukumbu, kimoja kilichapwa 1922 na kingine 1924, akiwa na miaka sabini au karibu yake.

Ninaposoma habari zake huwa nawakumbuka watu wawili. Wa kwanza ni mtoto wa mwaka wangu wa mwanzo kazini, katika kituo ambacho si hiki. Mama yake aliniuliza kuhusu kengeza, mtoto akiwa na miaka miwili, nami nikamwambia asubiri, litanyooka. Nilikuwa nimesikia hivyo hivyo tangu utotoni na sikuwa nimejisumbua kusoma. Nilikutana nao tena mtoto akiwa darasa la tatu. Nilimfunika jicho zima kwa kiganja, nikamwomba anihesabie vidole. Hakuweza. Jicho lenyewe lilikuwa halina kidonda wala doa. Ubongo ulikuwa umeacha kulisikiliza.

Tunaliita jicho vivu, ingawa uvivu si wa jicho. Mtoto mwenye kengeza angepaswa kuona vitu viwiliviwili, na ubongo mchanga, ili kuepuka vurugu hiyo, huzima picha ya jicho moja. Ukizimwa miaka mingi, hauwashiki tena. Tiba ipo na ni rahisi kushangaza: miwani kama inahitajika, na kulifunika jicho zima kwa saa kadhaa kila siku ili ubongo ulazimike kulitumia lile jingine. Hufanya kazi vizuri kabla ya miaka saba au minane, na kadiri mtoto alivyo mdogo ndivyo inavyofaa zaidi. Baada ya hapo faida inapungua sana. Upasuaji wa kunyoosha kengeza, yaani kusogeza au kufupisha misuli ile ya nje, upo tangu mwaka 1839, Dieffenbach alipoufanya Berlin. Unanyoosha macho. Peke yake haurudishi uoni ambao ubongo umeshauzima, kwa hiyo daktari anaweza kuagiza kufunika jicho kwanza.

Mtoto mchanga macho yake kupishana mara mojamoja katika miezi mitatu au minne ya mwanzo ni kawaida. Kengeza lililopo muda wote, au linaloendelea baada ya miezi minne, lipimwe. Kipimo cha nyumbani: funika jicho moja la mtoto wakati anatazama kitu anachokipenda, kisha jingine. Akilia na kukusukuma ukifunika upande mmoja tu, upande ule mwingine hauoni vizuri. Na mtazame mboni. Ikiwa ndani yake kuna weupe, au mwanga wa picha ya simu unatoa jicho moja jekundu na jingine jeupe, usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, na inaweza kuwa saratani ya jicho ya watoto, ambayo ikiwahiwa mtoto anapona na ikichelewa inaua. Anzia kituo chochote kilicho karibu, tutakuandikia rufaa. Huduma za macho ya watoto zipo CCBRT na Muhimbili Dar es Salaam, na KCMC Moshi. Ni mbali, najua. Njoo tuzungumze namna ya safari kabla hujakata tamaa.

Mtu wa pili ninayemkumbuka ni mtu mzima aliyeletwa usiku kwa pikipiki. Aliumwa na nyoka shambani karibu na pori la akiba. Mguu haukuwa umevimba sana, na waliomleta walikuwa wameanza kupata nafuu moyoni. Nilichokiona ni kope. Zilikuwa zinaanguka, na alipojitahidi kunifuata kwa macho, macho yalibaki katikati. Sumu ya koboko na ya baadhi ya jamii ya swila huzuia amri za mishipa kufika kwenye misuli, na misuli midogo ya kope na macho mara nyingi ndiyo ya kwanza kuonyesha. Baada yake hufuata kumeza, kisha kupumua. Kwa hiyo aliyeumwa na nyoka akianza kusinzia kope huku akili yake ni timamu, au akisema anaona vitu viwili, muda umebaki mchache: hospitali sasa hivi, akiwa ametulizwa asitembee. Asichanjwe, asifungwe kamba ya kukaza, asinyweshwe kitu. Na ikiwa swila amekutemea sumu machoni, osha kwa maji mengi safi robo saa au zaidi, kisha uje.

Kuna sababu nyingine za misuli ya macho kugoma ghafla kwa mtu mzima. Kisukari na shinikizo la damu hunyima damu ile mishipa mitatu. Kiharusi. Ajali ya bodaboda iliyovunja sakafu ya tundu la jicho na kunasa msuli. Ugonjwa wa misuli unaoitwa mayasthenia, ambao asubuhi mtu yuko vizuri na jioni kope zimelala. Pombe nyingi pamoja na lishe duni, inayokausha vitamini B1. Ukiona vitu viwili na ukifunika jicho moja kimoja kinatoweka, tatizo liko katika kulinganisha macho mawili, na unahitaji kupimwa siku hiyohiyo. Ukiwa na kope lililoanguka, mboni imepanuka na kichwa kinauma kuliko siku zote, ni dharura ya ubongo. Hii ndiyo ile niliyosema nitairudia.

Padri Johnson alifariki Liuli tarehe 11 Oktoba 1928, akiwa na miaka 74. Alikuwa ametumikia mwambao huu kwa zaidi ya miaka arobaini tangu jicho lake lipotee. Pale Liuli leo kuna hospitali ya Mtakatifu Anna, na anayetoka vijiji vya ziwani na mtoto mwenye shida ya macho anaweza kuanzia hapo kabla ya kuelekezwa mbele. Sisi wa huku Liparamba tunaanzia zahanati. Siku za kliniki ya watoto ninakuwa na kadi ndogo ya kufunika jicho mfukoni mwa gauni, na kipimo chenyewe huchukua dakika mbili. Hata kama umekuja kwa kikohozi, niambie.